Mstaafu, ukiwa jangwani usisubiri kiu

Kama umestaafu na una mtoto anayeishi Marekani, huenda siku moja akakupigia simu na kusema: "Baba, njoo na Mama mkae nasi miezi mitatu, tutawakodishia gari mtembee." Gari lenyewe si la kawaida. Ni lile lenye kitanda, jiko, friji na choo ndani yake, ambalo wenyeji huliita RV na hapa tutaliita gari-nyumba. Kila majira ya baridi maelfu ya wastaafu wa Marekani na Kanada huendesha magari haya kwenda majangwa ya Arizona na California kukwepa theluji. Mji mdogo wa Quartzsite, Arizona, hufurika magari hayo mwezi Januari. Na kwa kuwa miji kama Phoenix ina jamii za wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi na kwingineko, usishangae kumkuta bibi mwenye khanga ameketi kwenye kiti cha mbele cha gari la aina hiyo.

Ni safari nzuri na sina nia ya kumtisha mtu. Ila kabla ya kukubali, muulize mwanao: ni mwezi gani? Kuanzia Novemba hadi Machi mchana wa jangwani unavumilika. Tatizo ni kwamba familia nyingi hupanga safari Juni au Julai, shule zinapofungwa, na hiyo ndiyo miezi ambayo mzee mwenye presha hapaswi kuwa huko. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi, na kaunti ya Maricopa, ulipo mji huo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusishwa na joto mwaka huo. Bonde la Death Valley, California, ndilo lenye rekodi ya dunia: nyuzi 56.7, iliyopimwa Julai 10, 1913, ingawa baadhi ya wanasayansi wanakitilia shaka kipimo hicho.

Utasema joto unalijua, umezaliwa nalo Tanga au Mombasa. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Joto la pwani yetu lina unyevu. Jasho linakutiririka, shati linaloa, nawe unajua kwamba umepoteza maji. Jangwani hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona. Unaweza kuendesha na kutembea siku nzima shati likiwa kavu, ukadhani hutoki jasho, kumbe mwili unapoteza maji saa hadi saa. Dalili unazoona kwanza ni midomo kupasuka, kichwa kuuma na mkojo kuwa wa rangi ya chai.

Kwa kijana, kiu ingemkumbusha. Kwa mtu wa miaka 65 kwenda juu kiu huchelewa, kwa sababu sehemu ya ubongo inayopima upungufu wa maji haiitiki haraka kama zamani. Figo nazo hazibani maji vizuri, na moyo hausukumi damu ya kutosha kwenye ngozi ili joto litoke. Ndiyo maana mzee anaweza kukuambia kwa dhati kabisa kwamba hana kiu huku mwili wake umeshakauka.

Sasa ongeza dawa. Hapa nakuomba utoe vidonge vyako kabatini, usome majina. Hidroklorotiazaidi na furosemaidi hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Nyumbani hiyo ndiyo kazi yake, jangwani zinaongeza upungufu ambao tayari upo. Losartani, enalaprili na ndugu zake ni dawa nzuri za presha, lakini mwili ukikaukiwa maji zinaweza kuchangia figo kuumia. Atenololi huzuia moyo kuongeza mapigo pale mwili unapohitaji kupoa. Amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, hupunguza jasho. Hata vidonge vya mafua na aleji vyenye klorofeniramini, vile vinavyouzwa dukani bila cheti, vina tabia hiyo hiyo.

Usiache dawa yoyote kwa sababu umesoma safu hii. Presha inayopanda ghafla barabarani, kilomita 100 kutoka hospitali, ni hatari kubwa vilevile. Unachopaswa kufanya ni kumwona daktari wako wiki kadhaa kabla ya safari na kumuuliza maswali ya wazi: nikiharisha au nikitapika huko, dawa ipi niisimamishe? Ninywe maji kiasi gani? Swali hili la pili ni la lazima kwa mwenye moyo uliochoka au figo mbovu, kwa sababu yeye maji mengi mno nayo yanamdhuru.

Kwa wengine, mamlaka ya hifadhi za taifa ya Marekani inashauri angalau lita 4 za maji kwa mtu mmoja kwa siku katika Death Valley, na akiba nyingine ndani ya gari. Ninyi wawili kwa siku tatu ni lita 24 za kunywa tu, mbali na za kupikia na kuoga. Msiyanywe yote kwa mkupuo, na msinywe maji matupu bila chakula, maana chumvi ya damu inaweza kushuka, hasa kwa anayetumia hidroklorotiazaidi. Supu, matunda, na pakiti chache za ORS kwenye mkoba zinatosha kuzuia hilo.

Kuna jambo ambalo wazee wa kiume hawalisemi. Mwenye tezi dume iliyovimba hujinyima maji makusudi ili asisumbue watu kwa kusimamisha gari kila nusu saa. Nimewaona wengi wakifanya hivyo hata kwenye basi la Dodoma. Baba, gari hilo lina choo ndani. Kunywa maji.

Kama mnasafiri wawili, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake, kwa sababu anayezidiwa na joto mara nyingi hajui kwamba amezidiwa. Akili ndiyo hutangulia kuyumba. Mumeo ambaye hajawahi kupotea njia anakuuliza mara tatu mnaelekea wapi. Mkeo mpole anakuwa mkali bila sababu, au maneno yake yanaburuta kama ya mlevi, au anapepesuka akishuka ngazi ya gari. Usichukulie kuwa ni uchovu wa safari au uzee. Kama ni mgonjwa wa kisukari, pima sukari papo hapo, kwa kuwa sukari iliyoshuka huleta dalili hizo hizo. Kama sukari iko sawa na mwili unawaka, hicho ni kiharusi cha joto, awe anatoka jasho au la.

Piga 911, kisha anza kumpoza bila kungoja gari la wagonjwa. Mlaze kivulini au kwenye kiyoyozi, mvue nguo nzito, mwagie maji mwili mzima, mpepee, weka barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Panadol haisaidii hapa, kwa sababu hii si homa ya maambukizi. Dakika hizo ni zako kweli kweli: sehemu kubwa ya Death Valley haina mtandao wa simu, na Julai 2024, kundi la waendesha pikipiki lilipozidiwa na joto huko na mmoja wao akafa, helikopta ya wagonjwa haikuweza kuruka kwa sababu hewa ilikuwa ya moto kupita kiasi.

Mwenye kutumia insulini ana kazi ya ziada. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kugusa barafu. Iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, hudumu takriban wiki nne kama joto halizidi nyuzi 30. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State, katika utafiti uliochapishwa 2018, waligundua kwamba gari lililoegeshwa juani kwa saa moja siku ya kiangazi hufika wastani wa nyuzi 47 ndani, na dashibodi nyuzi 69. Insulini iliyoachwa hapo imekwisha kazi, hata kama kwa macho haijabadilika. Vijiti vya kupimia sukari navyo huharibika. Friji ya gari-nyumba ikizima, funga dawa kwenye mfuko usiopitisha maji, uzungushie kitambaa kilicholowa na uweke kivulini penye upepo. Ni ile hekima ya mtungi wa bibi, na katika hewa kavu inafanya kazi vizuri kuliko pwani. Kumbuka pia kwamba ngozi yenye joto hunyonya insulini haraka, hivyo pima mara nyingi zaidi ya ulivyozoea.

Takwimu hizo za gari ziwahusu pia wazazi wenye watoto wadogo. Mjukuu asiachwe ndani ya gari lililozimwa hata kwa dakika tano za kununua soda.

Usiku mambo hugeuka. Jangwa hupoteza joto haraka, na usiku wa Januari baridi inaweza kukaribia sifuri. Hapo watu hufunga madirisha, huwasha jiko la gesi wapate joto, au huacha jenereta ikiunguruma hadi asubuhi. Tunaijua hatari hii kutokana na jiko la mkaa kwenye vyumba vya Njombe na Limuru: hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala haamki. Siku ya kuchukua gari, mwambieni mwenye kulikodisha awaonyeshe king'ora cha hewa hiyo na akibonyeze mkisikie kikilia. Jiko si la kuota moto. Blanketi mbili na soksi zinatosha.

Mengine ni mafupi. Simameni kila baada ya saa mbili mtembee kidogo, maana kukaa sana huleta damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Bima ya msafiri muisome kabla ya kulipa. Nyingi hazigharimii maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kuondoka, na presha na kisukari ndizo hizo.

Dawa zibebeni kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya dawa na dozi. Arizona iko nyuma ya saa zetu kwa saa 10 mwaka mzima, hivyo kidonge unachomeza saa 1 asubuhi Dar es Salaam kitaangukia saa 3 usiku Phoenix. Kwa insulini usihesabu mwenyewe. Mwombe daktari akuandikie dozi za siku mbili za mwanzo, saa kwa saa, na karatasi hiyo ikae na mwenzako.