Namba ya Kipuri katika Usimamizi wa Mabadiliko ya Bidhaa: Mfano wa Swichi ya Kuwashia Magari ya General Motors

Katika utengenezaji wa magari, kipuri kinapobadilishwa umbo, namna kinavyofungwa au utendaji wake, kiasi kwamba hakiwezi tena kuchukuliwa kuwa sawa na kile cha awali, sharti kipewe namba mpya. Kanuni hii huonekana kuwa ya kikarani tu. Mkasa wa swichi ya kuwashia magari ya General Motors nchini Marekani unadhihirisha uzito wake.

Swichi hiyo iliyotengenezwa na Delphi ilifungwa katika magari kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion. Nguvu iliyohitajika kuizungusha ilikuwa chini ya kiwango kilichowekwa. Hivyo goti la dereva au uzito wa funguo nyingine uliweza kuurudisha ufunguo nyuma gari likiwa mwendoni. Injini ilizimika, usukani ukawa mzito na, baya zaidi, mifuko ya hewa haikufunguka ajali ilipotokea.

Mwezi Aprili 2006 mhandisi mhusika aliidhinisha kijiti kirefu zaidi na springi yenye nguvu zaidi ndani ya swichi. Kiufundi, badiliko lilikuwa la manufaa. Namba ya kipuri, hata hivyo, haikubadilishwa. Kumlaumu mhandisi huyo peke yake hakutoshi, kwani utaratibu wa kampuni ndio ulioruhusu badiliko la aina hiyo kupita bila kuonekana. Wachunguzi waliona tatizo likikoma katika magari ya modeli ya 2008 na kuendelea, ilhali kumbukumbu hazikuonyesha tofauti yoyote ya swichi. Uchunguzi ulikwama kwa miaka, hadi mwaka 2013 mtaalamu wa upande wa walalamikaji katika kesi ya madai alipozifungua swichi za miaka tofauti na kuzilinganisha.

Mwezi Februari 2014 kampuni ilianza kuyaita magari yarekebishwe. Mwezi uliofuata ililazimika kuongeza modeli za 2008 hadi 2011, ambazo zilitoka kiwandani na swichi nzuri. Swichi za zamani zilikuwa zimeuzwa kama vipuri, na haikujulikana ni magari yapi yaliyofungiwa swichi hizo wakati wa matengenezo. Jumla ilifikia magari takriban milioni 2.6 duniani, na mfuko wa fidia uliidhinisha madai ya vifo 124.