Chombo Kisicho na Mashine

Watu wengi hudhani ya kuwa mashine ya mashua ikifa, mashua nayo imekufa. Sivyo. Maji ndiyo yachukuayo chombo. Mashine hukisukuma tu, na upepo nao waweza kukisukuma. Kwa hiyo mtu ambaye mashine yake imechakaa, wala hapati vyuma vya kuitengeneza, aweza kuiondoa na kusafiri kwa tanga. Lakini hana budi kujua afanyalo.

Jambo hili si geni katika nchi ya Magu. Mwaka 1875 Stanley alifika Kageye, ukingoni mwa ziwa letu, na mashua yake Lady Alice, iliyochukuliwa na wapagazi vipande vipande. Haikuwa na mashine. Walilizunguka ziwa kwa tanga na makasia, kwa siku 57.

Mwezi wa Juni 1878 fundi Alexander Mackay, mtu wa Scotland, alifika Kageye. Katika kibanda alikuta vyuma vya mashine ya mvuke vilivyoletwa na wenzake, vimechanganyikana na vitabu, mabomba na herufi za kupigia chapa. Akafanya kazi siku 10, tangu alfajiri hata giza, mashine ikasimama kamili. Hata hivyo, yeye na mwenzake Wilson walisafiri kwenda Uganda katika mashua Daisy kwa tanga. Njiani dhoruba ikawatupa ufukoni, mashua ikavunjika. Wakaikata futi 8 za katikati, wakatumia mbao zake kutengeneza sehemu zilizosalia. Mwezi wa Novemba wakafika Uganda.

Sasa tuangalie yampasayo mtu aondoaye mashine. Kwanza, uzito. Mashine ni nzito, nayo hukaa chini. Ikitolewa, chombo huwa chepesi, na upepo ukilipiga tanga chaweza kupinduka. Basi hutiwa farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa, na kufungwa imara yasisogee. Pili, tundu. Mhimili wa rafadha hupita katika tundu lililo chini ya maji. Lazima lizibwe kwa ubao na kutiwa kalafati, kisha chombo kijaribiwe karibu na ufuko. Tatu, mlingoti. Sharti usimame juu ya mbao zenye nguvu, na chombo kiwe na mkuku wa kukizuia kisisukumwe upande. Nne, makasia, maana siku ya shwari tanga halifai kitu.

Baada ya hayo, baharia ajifunze pepo. Mchana jua huipasha nchi kavu joto upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda juu, na hewa ya ziwani, iliyo baridi, huja mahali pake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwa sababu hiyo mwenye tanga hutoka kabla ya mapambazuko, na alasiri hurudi kwa upepo wa ziwani. Upepo ukitoka mbele yake, hawezi kwenda moja kwa moja. Hubisha, yaani huenda upande huu, kisha upande huu, mpaka afike.

Lakini ziwa letu lina dhoruba za ghafula, na asiye na mashine hawezi kuzikimbia. Akiona wingu jeusi, abaki pwani, ijapokuwa shehena yake inangojwa sokoni. Akiwa tayari majini, apunguze tanga mapema, kabla upepo haujamfikia. Shehena iliyochelewa huuzwa kesho. Mtu aliyezama hapatikani tena.

Maswali
1. Kwa nini farumi hutiwa chini ya chombo?
2. Eleza kwa nini upepo hugeuka usiku.
3. Mackay na Wilson walifanya nini mashua yao ilipovunjika?