Mdimu wa Balkoni Umejaa Wadudu? Anza na Sisimizi

Ulinunua mche wa ndimu kando ya Ngong Road, ukauweka kwa balkoni ya keja, ukapiga picha, ukaposti. Sai majani yamejikunja, yananata na yamejaa kitu kama masizi. Usiutupe bado, msee.

Cheki shina kwanza. Unaona sisimizi wakipanda na kushuka? Hao hawakuli mti, wanafuata utamu. Vidukari, magamba na vile vidudu vyeupe kama pamba hufyonza utomvu na kutoa maji matamu. Sisimizi huyalamba, na ili mlo usikatike, huwafukuza wadudu wengine wanaokula vidukari, kama yule mwekundu wa madoa meusi. Yale masizi ni kuvu inayomea juu ya utamu huo.

Kwa hivyo, kata njia. Zungushia shina seloteipu, kisha upake juu yake mafuta mazito ya kujipaka. Hakikisha matawi hayagusi ukuta wala kamba ya nguo, maana hilo ni daraja lingine.

Halafu osha. Lita 1 ya maji, kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo. Sabuni ya unga zii, itachoma majani. Jaribu jani moja, ungoje siku moja. Ikiwa poa, nyunyiza jioni, hasa chini ya majani, huko ndiko wamejificha. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu hivi, juu mayai huangua baadaye.

Magamba, vile vidoa vya kahawia vilivyoganda kwa matawi, yasugue na mswaki mzee.

Dawa kali? Itaua hata wale wa madoa wanaokusaidia, na hiyo ndimu bado unataka kuikamulia samaki.

Noma iko hapa: majani machanga yakiwa na vinundu juu na vishimo chini, yakate. Mdudu anayeacha alama hizo anaweza kuleta ugonjwa unaotia majani mabaka ya manjano na kufanya matunda yabaki madogo, machungu. Ugonjwa huo hauna tiba. Mti ukifika hapo, ng'oa. Na usiwahi kuupeleka ocha, shosho ana michungwa yake.