Daktari kwa Video: Nani Anamtafsiria Mama?

Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoenea Stockholm, wagonjwa wengi wa saratani walianza kuzungumza na daktari kwa simu au video. Sababu ilieleweka: tiba ya kemikali hudhoofisha kinga ya mwili, na kupanda treni na basi kutoka Tensta hadi Karolinska, Solna, kulikuwa kujiweka hatarini.

Wagonjwa waliionaje huduma hiyo? Katika nchi nyingi walikoulizwa, majibu yalifanana. Wengi waliipenda kwa miadi ya kawaida, kama kupewa majibu ya vipimo au kueleza madhara madogo ya dawa. Safari na foleni ziliwaondokea. Lakini walikosa mkono wa daktari unaopapasa uvimbe, na habari nzito wengi walitaka kuzisikia ana kwa ana.

Kwa wazee wetu kuna mengine zaidi. Mara nyingi huingii kwenye miadi ya video bila BankID, na si kila bibi anayo. Kisha kuna lugha. Hospitali ziliwazuia wageni, na mara nyingi wasindikizaji pia, kwa hiyo video ilimruhusu mtoto kukaa kando ya mzazi wake. Hiyo ni faida kubwa. Ila mtoto huyohuyo aligeuka mkalimani. Mama gani atataja kutokwa damu ukeni huku mwanawe wa miaka 15 ameshika simu? Atasema "niko sawa", na hilo ndilo daktari atakaloandika.

Maneno nayo yana mtego. Daktari akisema palliativ, nawe ukatafsiri "tiba" tu, mama atangoja kupona. Neno lake ni tiba shufaa: huduma ya kupunguza maumivu na kumpa mgonjwa nafuu, bila ahadi ya kumponya.

Sheria ya Wagonjwa ya Sweden, iliyoanza kutumika Januari 2015, inataka maelezo yalingane na lugha ya anayeelezwa. Mkalimani anaweza kuunganishwa kwenye video ileile. Ndugu zetu, mwombeni mapema, siku miadi inapopangwa. Sisi tuwashe simu, tukae karibu, na mama akitaka faragha tutoke chumbani.

Walimu wetu, tusaidieni pia: klabu ianze orodha ya maneno ya hospitali kwa Kiswahili na Kiswidi. Tuanze na haya: uvimbe, mionzi, kusambaa kwa saratani, tiba shufaa.