Joka la Zambezi na Visiki vya Kariba

Wajukuu zangu, leo sisemi paukwa wala nanyi msiitike pakawa. Hadithi ya paukwa humezwa nzima, kweli na uongo pamoja, na hakuna anayeuliza swali. Hii ya leo ni ya kutafuna. Ina joka lenye kichwa cha samaki, ina wafu wanaosemekana wamefungiwa ndani ya ukuta, na ina maji yanayoua watu hadi hivi sasa. Mkiona ninawauzia mbuzi kwenye gunia, nikatizeni.

Fungueni ramani. Mto Zambezi ukishapita Maporomoko ya Victoria hushuka kwenye bonde la Gwembe, ambalo leo ni mpaka wa Zambia na Zimbabwe. Mbele huko vilima vinaubana mto kwenye korongo jembamba liitwalo Kariba. Pale penye korongo, katika miaka ya 1950, wahandisi walisimamisha ukuta wa zege wenye kimo cha mita 128. Maji yakakosa njia, yakarudi nyuma, yakalala bondeni. Ndilo Ziwa Kariba, lenye urefu wa kilomita 280 hivi, na kwa wingi wa maji hakuna ziwa lililotengenezwa na binadamu linaloweza kulishinda duniani.

Walioishi bondeni humo ni Watonga. Walilima mara mbili kwa mwaka: kwanza kwa mvua, kisha mto ulipopungua na kuacha tope jeusi kando, walipanda tena palepale kwenye unyevu. Watonga hao ndio wenye Nyaminyami.

Wanasema ni joka la mtoni, mwili wa nyoka, kichwa cha samaki, na urefu wake hakuna aliyeupima. Anaishi na mkewe katika Zambezi. Kwenye mlango wa korongo palikuwa na mwamba mkubwa ambako maji yalizunguka na kuvuta chini, na mtumbwi uliosogea ovyo haukurudi. Ndipo nyumbani kwake. Lakini msidhani alikuwa zimwi la kutishia watoto wasiolala. Njaa ilipozidi, wazee wanasimulia, Nyaminyami aliibuka na kuwaachia watu wajikatie minofu ya mwili wake mwenyewe wapate kula. Alikuwa mlezi, na hasira yake ilikuwa hasira ya mlezi aliyechokozwa.

Uchokozi wenyewe ni ule ukuta. Ulipojengwa, joka likabaki upande mmoja na mkewe upande mwingine. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ili kujenga katikati ya mto, wahandisi walianza na ukuta wa muda, wakafukuza maji nyuma yake wapate pakavu pa kuchimba msingi. Mwaka 1957 mto ukafurika, ukaizamisha kazi ile. Watu wakasema bahati mbaya, mafuriko ya namna hiyo hayaji kila mwaka. Mwaka uliofuata, 1958, yakaja mengine, na maji yakakaribia mara mbili ya yale ya kwanza: zaidi ya mita za ujazo 16,000 kwa sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Basi hesabuni: unaposema “moja”, lita milioni 16 zimeshapita, unaposema “mbili”, zimepita nyingine. Madaraja waliyojijengea wahandisi yakasombwa. Ukingoni, Watonga walitazama, na wengi wao hawakushangaa.

Je, lilikuwa joka? Mvua kubwa ilinyesha kwa wakati mmoja kwenye nyanda za juu unakotoka mto na kwenye mito midogo iliyo karibu na korongo, maji yakakutana. Hilo ni jibu la mhandisi, na ni la kweli. Lakini vipimo vya mto alivyokuwa navyo mhandisi vilikuwa vya miongo michache tu, na mto una umri mkubwa kuliko daftari. Mtonga aliyesema “mto huu hamuujui” hakukosea. Alichofanya ni kulitaja jambo lile kwa jina la Nyaminyami.

Sasa tufike kwenye mizimu, maana najua hiyo ndiyo mnayoisubiri.

Ziwa halikuja kwenye bonde tupu. Watonga wapatao 57,000 walihamishwa, kaskazini na kusini mwa mto, kwa amri ya serikali za kikoloni za Rhodesia mbili, ambazo leo ni Zambia na Zimbabwe. Umeme uliotafutwa ulikuwa wa migodi ya shaba na viwanda. Wao waliambiwa wapakie mitungi, kuku na watoto kwenye malori. Wengine hawakuamini kabisa kwamba mto mkubwa vile unaweza kusimamishwa. Kwenye kijiji cha Chifu Chipepo watu walikataa kuondoka. Septemba 1958 askari walikuja na bunduki, wanakijiji wakawakabili kwa mikuki, na watu 8 wakauawa. Baada ya hapo malori yalipakiwa.

Kuna vitu havipakiki. Makaburi yalibaki. Mahali pa matambiko, palipoombewa mvua, palibaki. Desemba 1958 njia ya maji ikafungwa, na ziwa likaanza kupanda juu ya vyote hivyo. Watu wanaposimulia kwamba chini ya ziwa lile wamo wazee wao, msikimbilie kucheka. Wamo kweli. Wamezikwa humo. Mtu ambaye kaburi la babu yake liko chini ya maji marefu, na hana pa kumwaga pombe ya tambiko, hahitaji kubuni mzimu.

Hapa niweke neno langu kidogo. Maji yalipokuwa yakipanda, wanyama walikwama kwenye vilima vilivyogeuka visiwa. Mlinzi wa wanyamapori aitwaye Rupert Fothergill na wenzake walizunguka na mashua kuwaokoa, kazi iliyopewa jina la Operesheni Nuhu. Waliokoa wanyama zaidi ya 6,000. Kamba za kawaida ziliwachana swala ngozi ya miguu, kwa hiyo akina mama wa mjini wakachanga soksi zao ndefu za nailoni, zikasokotwa kuwa kamba laini. Ni kazi nzuri na siibezi. Ila magazeti ya dunia yalijaa picha za swala waliofungwa soksi, na hayakujaa habari za Watonga waliopelekwa kwenye ardhi ya mawe. Kwa miongo mingi baadaye, nyaya za umeme wa Kariba zilipita juu ya vijiji vyao na ndani ya nyumba zao mlikuwa na giza.

Hadithi ya pili ya mizimu ni ya ukuta wenyewe. Wageni wakifika Kariba huambiwa kwamba ndani ya zege wamo wafanyakazi waliofunikwa, na kwamba usiku wanasikika wakigonga. Tuitafune nayo. Ujenzi ule uliua watu 86. Februari 1959, katika tukio moja, jukwaa lilivunjika na watu 17 wakaporomoka pamoja na zege bichi ndani ya shimo la wima lililochimbwa mwambani. Walikuwa Waafrika na Waitaliano, kwa kuwa kampuni iliyojenga ilikuwa ya Kiitaliano. Kilimani juu ya ziwa kuna kanisa dogo la Mtakatifu Barbara lililojengwa kuwakumbuka waliofia kazini. Kwa hiyo vifo ni vya kweli, na zege ni la kweli. Kilichoongezwa na wasimulizi ni kuwahamisha wafu wale kutoka shimoni hadi ndani ya ukuta. Na mhandisi yeyote atakuambia kwamba mwili ukiachwa ndani ya ukuta huoza na kuacha uwazi, na hakuna anayetaka uwazi kwenye ukuta unaozuia maji ya ziwa zima. Lakini ngano hii imefanya jambo ambalo ripoti haikuweza: imewafanya watu wasisahau kwamba watu walikufa.

Kisha ardhi ikaanza kutikisika. Ziwa lilipokuwa likijaa, matetemeko madogo yalifuatana, na Septemba 1963 likaja kubwa, lililopita kipimo cha 6. Nyaminyami anajigonga ukutani akimtafuta mkewe, wakasema. Wanasayansi nao wana maelezo yao. Maji yale yana uzito wa mabilioni ya tani, na bonde lenyewe lina nyufa za kale ndani ya ardhi. Uzito unakandamiza, maji yanapenya kwenye nyufa na kuzilegeza, miamba inateleza. Hata sasa mitetemo midogo hutokea, na fundi wa kuchonga fimbo za Nyaminyami za kuwauzia watalii anajua hilo ni tangazo zuri la biashara.

Mkiniuliza mimi ninachokiogopa Kariba, sitataja joka. Nitataja visiki.

Kabla maji hayajaja, baadhi ya misitu ilisafishwa: matrekta mawili yalivuta mnyororo mzito kati yao na kuangusha kila mti uliokuwa njiani. Sehemu kubwa haikuguswa. Miti ya mopane ikazama ikiwa imesimama, na mopane ni mti mgumu, mchwa wenyewe hupata taabu. Zaidi ya miaka 60 baadaye bado imesimama, myeupe, imekufa, ndege wametua juu yake. Ile unayoiona haina neno, utaikwepa. Ya hatari ni ile iliyo shibiri moja chini ya uso wa maji. Na kwa kuwa ziwa hupanda na kushuka kwa mita kadhaa kulingana na mvua na umeme unaozalishwa, njia uliyopita salama mwezi mmoja inaweza kukupasulia mashua mwezi mwingine. Ziwa la asili huwa na ufuo ambao wazee waliujua na kuwarithisha wajukuu. Ziwa la kutengenezwa lina ufuo unaohama.

Visiki hivyohivyo hunasa nyavu. Mvuvi akijitosa kuzinasua, miguu yake inaingia kwenye matawi asiyoyaona. Kina kirefu huanza ghafla, kwa sababu unapoogelea uko juu ya kile kilichokuwa ukingo wa mto au bega la kilima: hatua moja maji ya kiunoni, hatua ya pili hakuna chini. Upepo nao ukivuma kwa urefu wa ziwa huinua mawimbi ya kupindua mashua ndogo. Mamba wamezaliana kwenye hori zenye maji tulivu, palepale akina mama wanapoteka maji. Kiboko haonekani mpaka amekasirika. Kichocho nacho kipo, kwa kuwa konokono wake hupenda maji yaliyotulia yenye magugu.

Usiku, katikati ya ziwa, mtaona taa nyingi zimetawanyika gizani, nanyi mtadhani ndio mizimu wenyewe. Ni wavuvi wa kapenta. Wanakaa kwenye jukwaa linaloelea, wanashusha taa karibu na maji, samaki wadogo wanakusanyika kwenye mwanga, kisha wavu wa duara unainuliwa kwa winchi. Kijana wa Kigoma atacheka, maana kapenta ni dagaa wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika na kupandikizwa Kariba, kwa sababu samaki wa mtoni hawakuweza kuishi kwenye maji mapana yenye kina. Dagaa wakastawi mno, wengine wakapita kwenye mitambo ya umeme wakiwa hai na kuhamia Bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji. Hawa ndio waliofanikiwa kuvuka ukuta, wakimwacha Nyaminyami na shida yake.

Na ukuta wenyewe? Milango yake 6 inapofunguliwa, maji huporomoka kwa nguvu, na kwa miaka mingi yalichimba shimo chini ya ukuta lenye kina cha zaidi ya mita 80. Lingeachwa liendelee, lingeweza kuufikia msingi, kwa hiyo kazi kubwa ya kulitengeneza upya ilianza mwaka 2017. Halafu ikaja hatari iliyo kinyume: ukame. Mwaka 2024 maji ya kuzalishia umeme yalikaribia kwisha, na miji ya Zambia na Zimbabwe ikalala giza kwa saa nyingi kila siku. Joka lililotengwa na mkewe lilikuwa sasa linapungukiwa hata na maji.

Nanyi mnaosoma haya mkiwa karibu na Mtera, Nyumba ya Mungu, Masinga au bwawa lolote lenye ukuta, fanyeni jambo moja kabla ya kuvua mashati. Mtafuteni mvuvi mzee, mumwamkie, kisha mumwulize maji yamepanda au yameshuka tangu mwezi jana, miti ilikuwa wapi, na mamba wanaota jua upande gani. Mkipanda mtumbwi, vaeni boya, hata kama safari ni ya kuvuka hori tu. Na mzee akisema, “Hapa hatuogi, pana wenyewe,” msibishane naye. Tokeni majini kwanza, huyo mwenyewe ni nani mtamwuliza mkiwa nchi kavu.