Plani ya kuveze ikae mikononi mwa koperative



Mayai ya kuku inakaa siku 21 ndani ya kuveze, na joto inapaswa kubaki karibu na digri 37,5. Karti ya elektroniki yenye kuchunga ile joto ikiungua siku ya 15, fundi iko na saa chache tu. Anafungua sanduku, anaona vipande vidogo-vidogo, lakini plani hakuna. Basi anakisia. Na wakati anakisia, vifaranga vinakufa ndani ya mayai.

Tusimlaumu fundi. Wengi wenye kutengeneza mashini wanaficha plani, na koperative inalazimika kununua karti nzima hata kama kipande kilichokufa ni cha bei ndogo sana.

Kuko programu ya ordinatere inaitwa KiCad, ya kuchora karti za namna hii. Mfaransa Jean-Pierre Charras aliianza mwaka 1992. Kisha CERN, kile kituo kikubwa cha fizikia karibu na Geneva, kikasaidia kuiendeleza. Hailipishwi hata franka moja, na sheria inaruhusu kuikopi na kumpa jirani. Faili yake ni nzito, inapita giga 1. Afazali mtu mmoja aishushe mjini, ailete kwa flashi. Ikiisha kuwekwa, inatumika bila intaneti.

Fundi anachora kwanza njia za umeme, na programu inamuonyesha waya yenye kusahauliwa. Kisha anapanga vipande juu ya karti na kutoa mafaili ambayo viwanda vya karti vinasoma. Wengine wanajitengenezea karti nyumbani kwa bamba la shaba na perklorire. Ile maji ni sumu, isimwangwe shambani wala mtoni.

KiCad haifundishi elektroniki kwa mtu asiyeijua. Lakini vijana wetu wenye kusoma umeme katika shule za ufundi wanaweza kuizoea, na iko pia kwa Kifaransa.

Kwa hiyo, mkiagiza kuveze ao regulatere ya solere kwa fundi, ombeni mafaili ya plani pamoja na mashini, na muandike hivyo katika mapatano mbele ya kulipa. Kopi moja ibaki kwa sekretere, ingine kwa fundi. Yeye akihamia Bukavu ao Kisangani, mwenzake atafungua faili na kuona kila waya inapita wapi.