Homoni ya Njaa na Saratani ya Tumbo: Maelezo kwa Wanaotafsiri

Mwanafunzi mmoja wa somo la tafsiri alituletea sentensi hii, aliyoitoa katika habari ya Kifaransa kuhusu afya: "Homoni ya njaa inaleta saratani ya tumbo." Kisarufi haina kosa. Upatanisho uko sawa na kitenzi kiko mahali pake. Lakini haisemi yale yaliyosemwa katika Kifaransa, na mgonjwa akiisoma anaweza kuanza kuiogopa njaa yake mwenyewe. Tumeona ni vyema kuieleza mada hii kidogo, kwani mwalimu wa lugha hawezi kusahihisha jambo asilolielewa.

Tuanze na neno tumbo. Katika Kiswahili cha kila siku tumbo ni sehemu yote iliyo chini ya kifua, pamoja na matumbo na vyote vilivyomo. Hata mja mzito tunasema ana tumbo. Daktari anapotaja saratani ya tumbo ana maana ya kiungo kimoja tu, yaani mfuko unaopokea chakula kinachoshuka kutoka kooni. Mrundi anayetofautisha inda na igifu hataona taabu kuelewa hilo. Katika makala haya tutasema mfuko wa chakula. Neno saratani nalo limetoka Kiarabu, ambako lina maana pia ya kaa, yule mnyama wa majini. Wagiriki na Warumi vilevile waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa.

Homoni ni kemikali inayotengenezwa na sehemu moja ya mwili, ikachukuliwa na damu, ikaenda kufanya kazi mahali pengine. Zinazotuhusu hapa ni mbili. Leptini, iliyotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, hutoka hasa katika mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Ya pili iligunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima, Kenji Kangawa na wenzao. Hao waliipa jina kutokana na mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya wenye maana ya kukua, kwa sababu huchochea kutolewa kwa homoni ya ukuaji. Wazungu huliandika jina hilo kwa gh. Sisi tunapendekeza grelini, maana msomaji wa Kiswahili akiona gh ataitamka kama katika ghali, na sivyo inavyotamkwa huko ilikotoka.

Grelini ndiyo hiyo homoni ya njaa. Sehemu yake kubwa hutengenezwa katika utando wa ndani wa mfuko wa chakula, hasa upande wa juu. Kiasi chake katika damu hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Mtu anayerudi nyumbani Buyenzi saa saba mchana, kabla hata hajanusa ndagala zinazokaangwa, mfuko wake umekwisha kupeleka habari kwenye ubongo.

Sasa tuje kwenye saratani yenyewe. Chanzo chake kikubwa kinachojulikana ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyeoteshwa katika maabara mwaka 1982 na Barry Marshall na Robin Warren mjini Perth, Australia. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikwisha kumtaja mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani. Aghalabu mtu humpata utotoni. Bakteria huyu huishi katika utando wa mfuko wa chakula na kuuletea uvimbe wa kudumu; kwa baadhi ya watu, miaka inavyopita tezi za utando hufa na utando wenyewe hukonda. Kwa wachache kati ya hao, saratani hufuata. Pamoja na tezi hizo hufa pia seli zinazotengeneza grelini, na kiasi chake katika damu hupungua.

Watafiti waliochunguza damu ya wanaume wavutaji sigara wa Finland, iliyochukuliwa na kuhifadhiwa katika miaka ya 1980, walieleza mwaka 2011 kwamba wale waliokuwa na grelini kidogo walipata saratani ya mfuko wa chakula zaidi kuliko waliokuwa nayo nyingi. Hapo ndipo mwanafunzi wetu alipoteleza mara mbili. Kwanza, kilichohusishwa na ugonjwa ni upungufu wa homoni, wala si homoni. Pili, aligeuza uhusiano kuwa usababishi. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba upungufu huo unaashiria utando uliokwisha kuharibika. Katika maabara, majaribio ya kuweka grelini kwenye seli za saratani yametoa majibu yanayopingana. Kuhusu leptini, yapo majaribio yanayoonyesha kuwa huzichochea seli hizo kuongezeka, lakini kutoka chupa ya maabara hadi mwili wa binadamu ni mbali.

Jambo hili halituhusu kwa ajili ya sarufi tu. Bakteria huyu ameenea sana barani Afrika, lakini saratani hii haionekani kwa wingi kila mahali, hata wataalamu wakaliita jambo hilo kitendawili cha Afrika. Hata hivyo madaktari wametambua tangu zamani kwamba nyanda za juu za Maziwa Makuu na miteremko ya Kilimanjaro zina wagonjwa wengi kuliko sehemu nyingine nyingi za bara. Nasi huku, mtu asiyetamani chakula huambiwa upesi kuwa ana vidonda vya tumbo, akanunua dawa ya kupunguza asidi, akangoja. Anayeshiba kwa matonge mawili, anayekonda bila sababu, anayetapika mara kwa mara au kupata choo cheusi, hana budi kwenda kupimwa hospitali.

Mgonjwa anapokatwa mfuko wote wa chakula, grelini hushuka sana, na hamu ya kula nayo hupotea. Madaktari wa Osaka waliwapa wagonjwa wa namna hiyo grelini kwa sindano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa walikula zaidi na kupungua uzito kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2021 Japani iliidhinisha anamorelini, dawa ya kumeza inayoiga kazi ya grelini, kwa wagonjwa wanaokonda kwa ajili ya saratani za aina nne, na ya mfuko wa chakula imo. Yaani homoni ile ile iliyosingiziwa imetumiwa kumrudisha mgonjwa mezani.

Sentensi tuliisahihisha hivi: "Kupungua kwa homoni ya njaa katika damu kumeonekana kuhusiana na hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya mfuko wa chakula." Mwanafunzi alilalamika kuwa ni ndefu. Ni kweli, ni ndefu.